Jina la ayeeyo halikuwa kwenye karatasi

Alhamisi. Mabati ya nyumba ya eeddo yanalia kwa joto tangu saa nne asubuhi, na upepo unaleta vumbi tu, hauleti kitu kingine. Eeddo ni dada wa baba, ndiye ninayeishi kwake hapa Garissa. Yuko dukani mpaka magharibi. Niko sebuleni peke yangu.

Nina jambo la kukiri. Blogu hii haina wasomaji wengi, na nashuku mmoja wao ni mimi mwenyewe nikija kuangalia kama kuna aliyesoma. Kwa hiyo hapa ni mahali pazuri.

Shairi walilolisifu si langu.

Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, kozi ya uandishi wa kubuni. Tuko saba darasani, na mimi ndiye yule ambaye mtu akihesabu haraka anapata sita. Kiswahili na Kiingereza nimevisoma tangu darasa la kwanza, lakini Kisomali chetu hakina P, na nikishikwa na woga P yangu hutoka B, kuna anayecheka, si kwa ubaya, na mimi hunyamaza wiki nzima. Muhula wote wa kwanza nilikula chakula cha mchana kwenye ngazi za maktaba, kitabu mapajani, nikijifanya nasoma.

Darasa letu lina utaratibu wake. Mwalimu Kazungu husoma kazi zetu kwa sauti bila jina la aliyeandika, ili mtu asimwonee haya rafiki yake. Tunazichambua, na mwenye kazi hasemi neno. Mwisho kabisa Mwalimu huuliza, "Mwenyewe ni nani?" na mtu huinua mkono.

Kwetu ni kinyume. Huwezi kusema shairi la mtu kabla hujasema ni la nani. Jina linatangulia, maneno yanafuata. Nimekulia Habaswein nikisikia hivyo, hata watoto tulijua. Ukiliruka jina, mtu mzima anakukatiza: ya nani hayo?

Ayeeyo wangu, bibi mzaa mama, ana shairi lake. Alilitunga zamani, mwaka wa ukame, walipokuwa wakihama kutoka upande wa Tarbaj. Ngamia aliyebeba nyumba yao, miti na mikeka yote, alipiga magoti njiani na hakuinuka tena. Ayeeyo akaifunga ile miti mgongoni mwake akatembea. Hajui kusoma. Shairi liko kichwani. Mwezi uliopita alinitumia kwa ujumbe wa sauti, nikakaa nalo siku nne nikiligeuza Kiswahili. Linaanza hivi:

Nyumba yangu ilikuwa na miguu minne.
Ilipolala chini, nikaipa yangu miwili.

Juu ya karatasi niliandika: Limetungwa na Dahabo Guled. Kisha nikakumbuka kwamba darasani majina hayatakiwi, nikalifuta. Wallahi ilikuwa hivyo tu. Nilikuwa nafuata utaratibu.

Mwalimu alilisoma kwa sauti, kama kawaida. Mutheu, msichana wa Kitui ambaye mdomo wake haumwogopi mtu, alisema limemkumbusha mama yake akirudi shambani. Wengine nao wakasema yao. Kisha Mwalimu akauliza mwenyewe ni nani.

Niliinua mkono.

Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na kinywa. Lakini Mutheu alishanigeukia: "Wee Ifrah, kumbe umekuwa ukituficha." Siku hiyo nilikula mezani na watu. Ni wiki tatu sasa nakula mezani na watu. Mutheu huniwekea kiti, hunichokoza kwamba chai yangu ina sukari ya watu wanne. Kila siku nilijiambia nitasema kesho, nikavuta kiti nikakaa.

Halafu Mwalimu akalichagua lifungue kitabu cha kozi, mkusanyiko wa waandishi chipukizi, na mimi nilisome ukumbini Jumamosi hii, kwenye hafla ya kusoma kazi zetu mbele ya watu. Nilimwambia mama, mama akamwambia ayeeyo. Leo mchana ayeeyo akanipigia. Kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo kwenye simu sote wawili ni ayeeyo.

"Ayeeyo, nasikia maneno yangu yamefika chuo kikuu."

"Yamefika, ayeeyo."

"Basi watu wa huko wananijua sasa."

Nikasema ndiyo.

Hakuniuliza kama nimelitaja jina lake. Haijawahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kutolitaja.

Saa nane darasa letu lilikuwa na mazoezi ya hafla hiyo. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaiweka karatasi mezani. Nikasema kama wanavyosema kwetu, kwamba maneno haya ni ya Dahabo Guled wa Habaswein, mimi nimeyageuza Kiswahili tu. Kisha nikalisema lote. P zilitoka B na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mutheu ndiye aliyesema kwanza. "Si uliinua mkono, Ifrah?"

"Niliinua."

"Na wiki tatu umetukalia kimya."

Nikasema pole. Akainamia simu yake.

Mwalimu Kazungu hakufoka. Alisema kitabu ni cha kazi za wanafunzi wenyewe, kwa hiyo shairi litaondolewa. Jumamosi naweza kulisoma ukumbini, jina likitangulia. Kisha akauliza polepole, "Na ya kwako iko wapi?"

Nilimwambia sina. Akasema kitabu kinafungwa baada ya wiki mbili.

Wenzangu walikwenda kunywa chai na hakuna aliyeniita. Nilipopita dirishani niliwaona. Kile kiti ambacho Mutheu huniwekea kilikuwa pale pale. Juu yake ameweka mkoba.

Sitasema nimejisikia mwepesi, maana sijajisikia. Kuna sehemu yangu inayotamani ningenyamaza tu, Jumamosi ipite. Nimeogopa ngazi za maktaba kuliko nilivyoogopa kumwibia bibi yangu, na sasa narudi kwenye ngazi zile zile. Labda hicho ndicho cha kwangu cha kuandika. Sijui.

Simu iko mkononi. Nitampigia kabla ya magharibi, akiwa bado nje na watu wake. Nitamwambia kwamba mchana nilimdanganya, kwamba aliposema wanamjua hakukuwa na hata mmoja aliyemjua. Nitasubiri.

Halafu nitamhesabia. Wenzangu sita, na Mwalimu. Watu saba, ayeeyo. Mmoja amenikasirikia sana, lakini jina lako analijua.