Bangili Juu ya Santuri

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Katesh hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume, analia kama honi ya basi la Singida.

Unauliza kwa nini nimeikataa simu mpya. Simu gani hiyo inataka kunitazama usoni kwanza ndipo ifunguke? Hata mama mkwe hakunikagua hivyo. Lakini sababu si hiyo.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana, baba yangu alileta gramafoni dukani kwake. Siku ya mnada wafugaji walijaa mlangoni. Baba akawaambia kwamba anayeimba alishakufa zamani, sauti yake tu ndiyo imebaki kwenye ile santuri ya duara.

Mnada uliofuata alikuja mama mmoja wa Gendabi aliyefiwa na binti yake. Alivua mkononi bangili ya shaba ya marehemu, akaiweka juu ya santuri.

"Naomba nimsikie," alisema.

Baba hakucheka. Akazungusha mpini bila kushusha sindano, bangili ikazunguka kimya. Yule mama akasogeza sikio, akangoja mpaka mashine ikasimama yenyewe.

"Labda amelala," akasema, akaivaa tena bangili, akaondoka.

Sauti ya marehemu babu yako imo kwenye simu yangu hii iliyopasuka kioo. Aliituma siku alipokwenda Balangdalalu, anauliza kama nimefungia kuku. Kila jioni naisikiliza, namjibu: nimefungia.

Bibi yako.