Nilisahihisha Karatasi ya Macho ya Binti Yangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, ingawa ningependelea kukuomba mjadala, maana mimi ni mhitimu wa chuo kikuu, nasoma kila kinachonipitia mkononi, na kazi yangu katika kiwanda cha uchapaji ni kusahihisha makosa ya waandishi kabla kitabu hakijachapwa, kazi inayomzoesha mtu kuamini kwamba aliyeandika amekosea.

Nyumbani tunaishi kwa raha, mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miezi minane na dada yake wa miaka mitatu tunayemwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, na huyu Chiriku alizaliwa wiki nane kabla ya wakati, akiwa na kilo moja na nusu, na mwaka jana jicho lake la kushoto likaanza kukimbilia puani, nami nikawatangazia wote kwamba macho ya watoto hutulia yenyewe, jambo nililolisoma kweli, ila lilihusu watoto wa miezi michache.

Aliyenibishia ni dada mkubwa wa mke wangu, fundi cherehani. "Shemeji, wewe soma vitabu, mimi namsoma mtoto. Akitunga shanga anageuza shingo kama kuku." Tukaenda kliniki, na mke wangu akiwa nje kwenye benchi akimnyonyesha mdogo, mtaalamu akanieleza kuwa Chiriku ana makengeza na jicho vivu, yaani ubongo umeacha kulisikiliza la kushoto, akanipa miwani, vibandiko na karatasi: funika jicho la kulia, kwa muda wa saa mbili kila siku.

Kasoro niliiona papo hapo, kwani mgonjwa hupumzishwa na mzima ndiye hufanya kazi, hivyo nikatoa kalamu nyekundu, nikakata "kulia", nikaandika pembeni "kushoto", nikaibandika karatasi kwenye friji, na mke wangu akaifuata kwa uaminifu wiki tatu.

Juzi nilimfuata Chiriku kwa shemeji, nikamkuta akipanga vifungo kwa rangi, kibandiko kikiwa jicho la kushoto. "Dawa gani hii isiyomsumbua hata kidogo?" shemeji akaniuliza, akakihamishia kibandiko kwenye jicho la kulia. Chiriku akapapasa meza, akasema, "Mama mkubwa, umezima taa?" Ilikuwa saa nane mchana.

Nikapiga simu kliniki nikijifanya nafanya utafiti, wakathibitisha ni la kulia, nami nikamwambia mke wangu kwamba utaratibu umebadilishwa. Lakini lipo la pili. Mtaalamu aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo mwenye makengeza au aliyevaa miwani mikali tangu utotoni, nikajibu hakuna, ilhali marehemu baba alikuwa akipigwa picha kwa upande tu, na mimi nilivaa miwani minene kama vitako vya chupa tangu miaka minne hadi nilipomaliza shule, na wakati huohuo mke wangu, anayeamini kwamba yote yametokana na Chiriku kuzaliwa njiti, huniambia, "Baba Chiriku, labda nilibeba ndoo nyingi mno," nami hufungua gazeti.

Hoja yangu ni kwamba jicho sasa linafunikwa inavyotakiwa, kwa hiyo kuungama hakuongezi kitu. Nipinge ukiweza.

Msahihishaji

*

Ndugu Msahihishaji,

Nakupinga, wala sitatoka jasho. Kuungama kunaongeza kitu, nacho kina miezi minane na kinanyonya. Mtoto ambaye babu, baba na dada yake wana historia hiyo anahitaji kupimwa macho hata kama yamenyooka kama rula, kwa sababu jicho vivu huweza kujificha ndani ya jicho lisilo na kasoro kwa kutazama. Uliposema "hakuna", ulimfungia mlango mtoto ambaye bado hajui hata kuubisha.

Nakuelewa ulivyofikiri, na si wewe wa kwanza kudhani jicho dhaifu linahitaji likizo. Jicho hili halikuchoka, limezoea kutopewa kazi. Wewe ukaliongezea wiki tatu za kulala na kumwacha mzima aendelee kutawala. Mshukuru fundi cherehani, tena kwa mdomo wako, mbele ya watu.

Kuhusu mkeo, hapo sikuonei huruma. Kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo, ndugu wenye makengeza, miwani mikali ya utotoni: vyote hivyo ni vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa tatizo, na kihatarishi si kosa la mtu. Wapo njiti wengi wenye macho mazima, na wapo waliotimiza miezi tisa wakapata makengeza. Ndoo hazimo kwenye orodha hiyo. Wewe ulikuwa na nusu ya maelezo mfukoni, ukamwacha abebe yote peke yake.

Basi, leo jioni toa albamu, mwoneshe mkeo picha za baba mkwe wake na yako wewe ukiwa na miaka minne na vitako vyako vya chupa. Kisha mweleze karatasi ya friji na ile simu ya utafiti. Atakasirika, mwache amalize sentensi zake bila kuzisahihisha. Wiki hii nendeni kliniki wote wanne, useme wazi ulichobadilisha na kwa siku ngapi, mdogo apimwe, na saa za kufunika azipange mtaalamu, usizifidie kwa hesabu zako. Miaka mitatu ni umri mzuri. Jicho bado linafundishika.

Kalamu nyekundu ibaki kiwandani. Na Chiriku akiuliza nani amezima taa, mjibu kwamba ni baba, kisha keti karibu naye umsaidie kuutafuta ushanga wa kwanza.