Asante Kuugua

Mjukuu wangu Nuru,

Hapa Nateete tunakusalimu sote. Babu yako yupo na kikohozi chake, na shangazi yako Zaina amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza nani alikuwa nami nilipougua saratani ya jicho, maana huko hospitali uliko hujampata mwenye ugonjwa kama wako.

Vita vilikuwa vimekwisha punde, nami bado bi harusi. Madaktari waliitana kuja kunitazama, kwani walikuwa hawajapata kuiona saratani hiyo. Wageni walimwambia mama yangu, "Asante kuuguza," kama Waganda wanavyomshukuru kila mtu kwa kazi yake. Mimi hawakujua waniambie nini.

Ndipo akaletwa kitanda cha pili Nalongo, muuza ndizi wa soko la Kalerwe, jicho limefungwa bendeji kama langu. Akanitazama sana, akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda, "Asante kuugua."

Nilikasirika, nikageukia ukutani. Nani anashukuriwa kwa kuugua?

Akasema, "Nirifikiri niko peke yangu duniani."

Tulilia pamoja mpaka wauguzi wakatushangaa. Mwaka haukuisha, akafariki. Hakuna aliyeniambia tena neno lile.

Sikudanganyi, Nuru. Woga haukupungua, na sasa nalala nao tena kwa ajili yako. Nakuombea, ila dua zangu zimechoka. Neno la Nalongo nina haki ya kukuambia, kwani nami niliugua. Lakini wewe ni damu yangu, mkono unakataa kuliandika. Akiletwa wa kitanda cha pili, mwambie wewe.

Bibi yako,
Mwanaisha