Wanawake wa Ng'ambo ya Mto Walikusikia, Mama

Mama yangu, uliyelala Blacktown, huku ughaibuni, mbali na kwenu,

Kuna jambo lilitokea Jumamosi ile baada ya kukuzika. Sijamwambia pasta wala wadogo zangu. Nakuambia wewe.

Unakumbuka tulivyogombana? Ulirudi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee, miguu imevimba, na bado kila Jumamosi saa kumi jioni uliegemeza simu kwenye kopo la sukari ukawaita wanawake wa Rwanda. Huku mlikuwa saba, wote wa Bukavu, mto mmoja tu kati yenu nao. Kule walikuwa wanane, na kiongozi wao Mama Yozefina. Mliulizana habari za watoto, mkawaombea wafu wa pande zote mbili. Mimi nilijifungia chumbani kwa kishindo. Siku moja nikakuambia, "Baba alikufa vitani, na wewe unacheka na watu wa upande ule."

Ukajibu taratibu, "Neema, Yozefina naye alizika mume. Unataka tuogopane mpaka lini?"

Kisha ikaja corona. Tukafungiwa ndani, ukaugua, na hospitali hawakuturuhusu kuingia. Nesi mmoja Mkenya alikushikia simu, ukasema kwa shida, "Usiwaache wale wanawake." Ulikufa bila jibu langu, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulikuzika watu wachache, wote na barakoa. Simu yako nilipewa imezimwa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, nikaiweka kabatini. Jumamosi saa kumi nikajiunga nao kwa simu yangu. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka kuwapa habari ya msiba, basi.

Nyuso zote, za kule na za huku, zilikuwa zimeshafika kwenye kioo, zimetulia. Hakuna aliyeshangaa kuniona.

"Karibu, Neema," akasema Mama Yozefina. "Tulikuwa tunakungoja."

"Mmejuaje nakuja?"

"Mama yako ametuambia sasa hivi. Picha yake haikufunguka, tumesikia sauti tu. Amesema, 'Mwanangu yuko njiani, mumsubiri.'"

Nikamtazama Mama Riziki, jirani yetu na mmoja wa wenzako wa huku, aliyesimama nami makaburini. Alikuwa analia kimya. "Hata mimi nimesikia," akasema.

Nilikwenda kabatini. Mfuko ulikuwa haujaguswa. Nikaibonyeza simu juu ya plastiki; haikuwaka, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nikarudi nikawaambia wa ng'ambo kwamba tumekuzika Jumatano. Hakuna aliyepiga ukelele. Nyuma yao jogoo aliwika, maana kwao ilikuwa bado asubuhi. Kisha nikaungama yote niliyowahi kusema juu yao, neno kwa neno.

"Mama yako alitueleza zamani," akasema Mama Yozefina. "Ndiyo maana alituomba tukusalimie kwa sauti kubwa, usikie huko chumbani."

Nami nilikuwa nikisikia, mama. Nilidhani ni kelele tu.

Sasa ninayewaita kila Jumamosi ni mimi. Sauti yako haijarudi, wala siitafuti, ingawa kabla hatujaanza sote hunyamaza kidogo. Mipaka imefunguliwa, na mwezi ujao nakwenda. Nitafika Bukavu, halafu nitashuka hadi mto Ruzizi na kuvuka daraja kwa miguu kuingia Rwanda. Bado naogopa. Nilipomwambia Mama Yozefina, hakunicheka. Alisema atakuja mpaka katikati ya daraja.

Pumzika, mama.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,
Neema