Mkanda wa Hamdi na Picha Uliyokuja Nayo

Iftin, Garissa
Jumanne

Kaka Bakari,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako hii hapa, ipokee, kwa sababu Mama alitulea hivyo na sitaki aambiwe nimekosa adabu tangu mstari wa kwanza. Natumai mgongo umepoa baada ya ile safari ya basi, na Mama amepata dawa zake za presha. Mimi mwili mzima. Joto la Garissa ni lile lile ulilolilalamikia siku mbili nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyelileta. Mvua bado hatujaiona. Shule zinaendelea, asubuhi nafundisha Kiswahili na jioni niko na wasichana wangu wa karate. Salamu zimekwisha, sasa tuongee.

Ujumbe wako mrefu wa simu nimeupata. Unasema nimenuna, na nikichoka kununa nimlete Hamdi huko Mombasa mwezi ujao, "ainame mara moja tu, nusu dakika," umfunge mkanda mweusi arudi nao kwao. Ningekujibu kwa simu, lakini kila nikikupigia unanikatiza kabla sijameza mate. Barua huwezi kuikatiza. Hata ukiikunja ukaitia mfukoni, maneno yatakuwa yako mfukoni.

Hamdi haji. Nimeanza na jibu ili usisome ukitafuta mwanya.

Nataka ujue ulichokiharibu, maana ulipanda basi kesho yake ukisinzia kama mtu aliyemaliza kazi njema. Nilipohamishiwa huku miaka sita iliyopita, sikuingia na ngumi mkononi. Nilikaa chini na kina mama wa mtaa huu, kwenye mkeka, chai ya maziwa ya ngamia mbele yetu, nikaomba wanipe mabinti zao jioni tatu kwa wiki. Aliyeongea kwa niaba yao ni Ayeeyo Khadija, bibi yake Hamdi, anayeuza maziwa karibu na msikiti. Akanipa masharti matatu: madirisha yafunikwe, kina mama wawe huru kuja kutazama wakati wowote, na binti yeyote asimwinamie binadamu, awe hai au picha. Nikakubali. Tukaelewana kwamba badala ya kuinama, mtoto ataweka mkono kifuani na kusema salamu. Hayo yote nilikueleza kwa simu kabla hujaja. Ulisema nini? Ulisema, "Hakuna neno, dadangu. Kila mji na ada zake." Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya shule, nakumbuka.

Siku ile ya mkeka, baba yake Hamdi, mfanyabiashara wa mifugo, alisimama mlangoni akauliza, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, swali ambalo kila mzazi huuliza.

"Mwalimu, hii mkanda nyeusi nachukua miaka ngabi?"

Nikamjibu kama ulivyotufunza kuwajibu wageni: mitatu mpaka mitano, mtoto akihudhuria bila kukosa, na wengine zaidi.

"Basi ni kama ngamia ya mzigo," akasema. "Ngamia ukimbebesha mabema, mgongo naharibika. Ngoja mifuba ikomae. Mimi nangoja."

Sikumwambia kwamba wangu ulichukua miaka tisa. Ningemweleza nini? Kwamba miaka sita nilikuwa najifunza, na mitatu iliyobaki nilikuwa naadhibiwa? Unajua kwa nini. Niliuliza mbele ya wageni wako wa Nairobi kwa nini sisi wasichana tunafagia ukumbi kabla ya mtihani na wavulana wanajinyoosha viungo. Basi ikawa "bado." Mwaka uliofuata, "bado." Nikirusha teke safi, bado. Nilidhani bado ni somo kubwa ambalo sijalielewa, nikawa najilaumu usiku na mchana. Kumbe bado ulikuwa wewe tu, Kaka, na kinyongo chako.

Nilijiapia mwanafunzi wangu hatapitia hayo. Hamdi alianza akiwa na miaka kumi na moja, miguu myembamba, haya nyingi, hata kupiga ukelele ilikuwa kazi. Tunafanyia mazoezi kwenye darasa la chekechea, tunasukuma viti vidogo pembeni. Aliwahi kuvunjika kidole cha mguu kwa kiti kimojawapo, na jioni iliyofuata akaja na kandambili, akakaa ukutani kutazama ili asipitwe. Ramadhani tunapunguza nguvu lakini darasa halifungwi. Miaka sita. Sasa yuko kidato cha nne, na teke lake hata wewe lilikufanya urudi nyuma hatua moja. Usikatae, kina mama walikuona na mpaka leo wanacheka.

Na wewe, siku ya mtihani, umekuja na picha.

Kaka, nilipokuona unafungua mkoba na kutoa kile kifurushi cha taulo, nilikusogelea. Nikakunong'oneza, "Kaka, tulikubaliana." Ukaniambia, "Tulia, mimi ndiye mtahini," kisha ukamwangika yule mzee wa Kijapani kwenye msumari wa ramani, na ramani ukaiweka sakafuni. Mama yake Hamdi akaniuliza kama huyo ni marehemu baba yetu. Nikasema hapana, ndiye aliyeuanzisha mtindo wetu wa karate, alikufa zamani. Akamtazama kwa huruma, akamwombea. Hata hapo walikuvumilia, wewe na mzee wako.

Mtihani ulichukua saa mbili nzima. Ulimpa kata zote, yale mapigo ya mpangilio, ukamrudisha, ukampiganisha na wenzake watatu mfululizo mpaka jasho likalowesha hijabu. Sikuona kosa, na wewe hukuona, maana ungeliona ungelitangaza. Mwisho ukamwambia ageukie ukuta, aiinamie picha, ndipo umfunge mkanda. Mtoto akaweka mkono kifuani. Ukasema inama. Akasema, kwa sauti ndogo lakini wote tulisikia, "Heshima nimeiweka hapa, mwalimu. Shingo siwezi." Ukasema inama mara ya tatu, sasa unafoka, mbele ya mama yake, mbele ya bibi yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako kama mlingoti. Hilo nalijutia mpaka leo, kwamba nilisimama tu.

Ayeeyo Khadija akaniita kwa mkono, kwa neno lao la mwalimu.

"Macallin, kaka yako nataka nini?"

"Anataka Hamdi aiinamie ile picha, ayeeyo."

"Ya yule amekufa?"

"Ndiyo."

"Yeye kaka yako nasali?"

"Anasali."

"Basi yeye najua rukuu ni ya nani," akasema, akachukua fimbo yake na kutoka. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nyuma yake wakatoka kina mama wote, na wasichana kumi na wawili, na Hamdi wa mwisho, akavaa viatu vyake taratibu.

Wewe ukasema, "Bado. Mkanda mweusi ni adabu. Arudi baada ya miaka miwili." Halafu ukaketi, ukala sambusa walizotupikia. Nne. Nilikuwa nakutazama ukitafuna na nilikuchukia, Kaka. Naandika neno hilo nikiwa na akili zangu timamu. Nilikuchukia.

Unanihubiria adabu na mila, eti mwanafunzi akianza kuchagua mila atachagua na mafunzo. Sasa nikukumbushe jambo, kwa kuwa unadhani mimi nimesahau. Siku tulipofungua klabu yetu pale Kisauni, ulimwalika imamu asome dua. Kabla hajaingia, nani alipanda kwenye stuli akamgeuza yule mzee uso ukutani? Mimi ndiye niliyeshika stuli! Ulinambia, "Shikilia vizuri, nisije nikaanguka." Dua ikasomwa, tukaitikia amina, tukala pilau, imamu akaondoka, ukapanda tena ukamgeuza mzee atutazame. Kwa imamu uliona haya. Kwa Ayeeyo Khadija, muuza maziwa wa Garissa, hukuona. Nyani haoni kundule, lakini wewe lako umeliona, ukalificha, kisha ukaja huku kucheka la wenzio.

Kesho yake baada ya mtihani, Hamdi alinijia shuleni wakati wa mapumziko. Nilijiandaa kumfariji. Hakutaka kufarijiwa.

"Mwalimu, nikuulize kitu? Wewe uliiinamia ile picha?"

"Ndiyo," nikamjibu.

"Miaka yote uliyojifunza?"

"Kila siku, nikiingia na nikitoka."

Hakunilaumu, Kaka, na heri angenilaumu. Alisema tu, "Sawa, mwalimu," kama mtu anayemsamehe mgonjwa, akarudi darasani. Sijawahi kupigwa pigo kama hilo, na nimepigwa na wewe miaka mingi.

Wiki mbili hakuna mtoto aliyekuja. Nilikuwa nafungua darasa, nasukuma viti, nakaa. Wiki ya tatu nilikwenda mwenyewe kwa Ayeeyo Khadija, nikakaa chini kando ya madumu yake ya maziwa mbele za watu, nikamwomba radhi. Nilimwambia kosa ni langu, niliahidi kitu nikashindwa kukilinda. Akaniacha nikakaa mpaka wateja wakaisha. Ndipo akaniuliza kama mtoto anajua kazi au hajui. Nikasema anajua. "Kama najua," akasema, "mwenye kumfunza ni wewe ama ni yule mtu ya basi?"

Ndiyo maana nakuandikia. Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Hamdi atafanya mtihani wake upya, na mtahini ni mimi. Atapigana, atafanya kata zote, na akikosea nitamrudisha nyumbani, kwa maana mimi sigawi mikanda kama njugu. Akifaulu nitamfunga mwenyewe. Mkanda ameushona fundi wa kike sokoni kwa kitambaa cha baibui kilichokunjwa mara sita, mgumu kama ngozi. Najua cheti chake hakitatambuliwa na chama chenu. Najua pia ulivyoandika katika ujumbe ule ule, kwamba nikimfunga mtu mkanda bila idhini yako jina langu litafutwa. Lifute. Nakusaidia: liko ukurasa wa pili wa daftari la kijani la klabu, chini ya la Juma. Kalamu iwe ya wino, isije ikakubidi kurudia.

Usiniambie navunja udugu. Wewe ni kakangu na nitakuzika au utanizika. Lakini mwalimu wangu huwi tena, na hilo halina kuombewa radhi kwa simu wala kwa wazee.

Nisalimie Mama, mwambie viungo vya pilau vimefika na nimempa nusu mwenye nyumba. Barua hii usimsomee, ama umsomee yote, usimchagulie. Nisalimie wifi yangu, mkeo, mwenye subira kuliko sisi sote. Nisalimie mjomba wetu wa Likoni, umwambie sijaolewa na aache kuuliza. Wale wasichana wa klabu wanaofagia ukumbi, wasalimie mmoja mmoja, kwa majina yao, kama unayajua.

Na Jumamosi mlango hautafungwa kwa mtu. Ukipenda kuja, njoo, wewe ni ndugu, chai utapewa. Utavua viatu, utakaa nyuma na kina mama, na utatazama kimya mpaka mwisho. Hakuna atakayekufukuza, Kaka, na hakuna atakayekuinamia.

Wako wa damu,
Mwanahamisi