Mashine ya Baba Haistaafu

Salgaa, 3 Juni 2025

Dada Edinah,

Sasa? Nairobi inakulisha? Mama huko Bahati hajambo, mguu umepoa. Mimi niko fiti kuliko fahali wa maonyesho. Barua nimempa Kimeli wa lori, maana kwa simu unanikatia kabla sijafika kwa pointi.

Pointi ndiyo hii. Jana kompyuta imeniletea tangazo jekundu: kuanzia Julai, tovuti ya Mzigo Hapa haitafunguka kwa brauza za zamani. Si hiyo ndiyo kampuni inakulipa? Madereva wa Salgaa wote wanatafutia mizigo kwa kibanda changu, na nimewaambia wasijali, dadangu ndiye mwenye swichi. Usiniaibishe.

Mdogo wako mtanashati,
Jerry

Nairobi, 10 Juni

Mdogo wangu Jerry,

Salamu zimefika, pamoja na doa la mafuta ya chapati kwenye karatasi. Nimeshukuru kusikia Mama anatembea.

Sina swichi, mimi ni mhudumu wa wateja tu. Na hilo tangazo niliandika mimi. Brauza yako ni mlango usio na komeo, mwizi anaweza kuingia kwa akaunti za hao madereva. Miaka minne inakuomba uibadilishe, wewe unabonyeza "Baadaye". Sasa mashine imezeeka, haikubali mpya. Funga kibanda, urudi Form Three. Baba angekuwa hai, angekuambia hivyo hivyo.

Dadako,
Edinah

Salgaa, 14 Juni

Dada mwenye ofisi,

Hujambo na baridi ya kiyoyozi? Sisi tuko na vumbi na afya.

Nilibonyeza "Baadaye" kwa sababu foleni ya madereva ilikuwa imefika kwa mathe anayeuza chai! Wewe ungemwambia dereva kama Namalwa aegeshe trela asubiri masaa mawili? Na Baba usimtaje. Mashine ni yake, alinifunza kuchapa nikiwa na mapengo.

Tubeti. Wiki ya kwanza ya Julai ikiisha kabla sijafungua Mzigo Hapa kwa mashine hii hii, nanunua soksi za shule mwenyewe. Nikifungua, unakuja Salgaa kuomba msamaha mbele ya madereva, kwa sauti.

Mdogo wako, boss wa kibanda,
Jerry

Nairobi, 2 Julai

Jerry,

Uko salama? Mama anasema simu yako imezimwa tangu Jumamosi na kibanda kina kufuli. Mambo ya kubeti tuache. Hakuna anayekucheka. Nimempa Kimeli barua hii akutafute. Nijibu hata neno moja.

Dadako,
Edinah

Mzigo Hapa, sanduku la Maoni ya Wateja, 4 Julai

Mpendwa mhudumu wa wateja,

Natumaini u mzima na umekaa, usije ukaanguka. Nimerudi kibandani, na Kimeli amenifikishia barua. Sasa angalia hii yangu imepitia wapi. Umeona? Ni Mzigo Hapa yenyewe, kwa mashine ya Baba.

Nilipakia mashine kwa trela la Namalwa hadi Nakuru mjini, kwa Paresh wa vipuri vya kompyuta. Siku tano nimekaa nyuma ya kaunta yake, simu bila chaji. Tulihifadhi picha za Baba kwanza, tukafuta kila kitu, tukaweka mfumo mwingine mwepesi wa kuendesha mashine, wa bure, na brauza mpya moto kama mandazi. Kufuta nilifanya mwenyewe. Paresh anasema nirudi kila Jumatatu anifunze zaidi. Hiyo si shule. Usianze.

Namalwa ameshapata mzigo. Wengine kumi na mmoja wako hapa mlangoni wanauliza unafika saa ngapi na hiyo samahani yako.

Ngoja. Mashine inauliza kama iweke brauza mpya zaidi. Madereva wanapiga kelele, "Wewe kijana, baadaye!" Nimewaambia wakanywe chai.

Nimebonyeza "Sasa".

Mdogo wako,
Jerry