Mkono wa Mama Mkwe

Thika, Jumamosi, Julai 1957

Na yale madebe matupu ya maji yalikuwa hapo mlangoni tangu asubuhi.

Mfarishi wa viraka ninaoushona wa kujifunika umekuwa mzito kuliko nilivyofikiri, kwa sababu ndani nimetia mablanketi mawili ya zamani. Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, na mfarishi ukining'inia mezani unavuta sindano. Moja ilivunjika. Nikamwita mama mkwe aubebe begani, asimame kando huku nikishona.

Alisimama tangu saa tatu mpaka karibu saa sita. Mimi nimekaa. Sindano ya pili ilipovunjika nikamwambia, "Mama, si nilisema uinue?" Kwa sauti ya kumkemea mtoto.

Nikageuka. Mama Njeri wa kanisani alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Mama mkwe akamwambia, mzigo ungali begani, "Ni mimi niliomba kusaidia. Kukaa bure kunanichosha."

Kesho kanisani sijui nitakaa wapi.

Mgeni alipoondoka nilipanga yale madebe, yote manne, kando ya meza, mawili juu ya mawili, nikalaza ubao juu yake. Mfarishi ukatulia. Kazi ya dakika tano, bila kutumia hata senti. Mama akautazama ubao, akasema tu, "Kumbe."

Jioni alinipa kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, yeye anayewakataza watoto wangu kufanya hivyo kila siku. Wa kulia ulikuwa hauinuki.